Shajara ya mradi: kuuza Pontiac GTO ya 1968 ambayo injini yake si ya kuzaliwa nayo

Machi 8

Gari limekamilika. Zulia la buti ndilo lililokuwa limebaki, nalo limeingia. Kuanzia leo shajara hii si ya ukarabati tena, ni ya mauzo.

Kwa anayejiunga sasa: ni Pontiac GTO ya mwaka 1968, milango miwili, paa la bati lisilo na nguzo katikati ya vioo, gia otomatiki, rangi ya kijani kizito ambayo Pontiac waliiita Verdoro Green. Mimi na shemeji yangu tumelimiliki nusu kwa nusu. Liko Ypsilanti, Michigan, na lilitoka kiwandani katika mji wa Pontiac, mwendo wa chini ya saa moja kutoka hapa. Miaka yote hii na halikuhama jimbo, na ndiyo maana lilioza chini. Huku barabara humwagiwa chumvi majira yote ya baridi ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo hula bati kuanzia ndani kwenda nje.

Tunauza kwa sababu mbili tu. Gereji ni ya kupanga, na shemeji anataka fedha zake zirudi.

Machi 9

Baada ya kuandika ya jana, mtu kaniuliza GTO ni kitu gani mpaka watu wazima walale chini ya gari bovu kwa ajili yake. Jibu lake linahusu mauzo, kwa hiyo naliweka hapa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 General Motors walikuwa na kanuni ya ndani: gari la ukubwa wa kati lisiwekwe injini inayozidi inchi za ujazo 330. Pontiac, ambako John DeLorean alikuwa mhandisi mkuu, waliikwepa kanuni hiyo kwa ujanja wa makaratasi. Mwaka 1964 walichukua injini ya 389 kutoka kwenye magari yao makubwa wakaiuza kama nyongeza ya kulipia kwenye Tempest, gari lao la ukubwa wa kati, karibu dola 296 juu ya bei ya gari. Kwa kuwa nyongeza si gari jipya, haikuhitaji baraka za wakubwa wa kampuni. Mwaka huo ziliuzwa zaidi ya 32,000, wakubwa wakanyamaza, na wenzao wa Chevrolet, Ford na Dodge wakafuata. Hayo ndiyo magari ambayo Wamarekani huyaita ya misuli: bodi ya kawaida ya kupeleka watoto shule, injini ya kutisha.

La 1968 lina bodi mpya ya mviringo, bampa la mbele la Endura linalopakwa rangi moja na gari na lisilobonyea likigongwa kidogo, na injini ya 400, yaani lita 6.6, yenye nguvu za farasi 350. Yalitengenezwa karibu 88,000 mwaka huo. Anayepanga bei asiisahau namba hiyo. Gari letu linapendwa, lakini si adimu.

Machi 15

Makaratasi. Hapa Pontiac wamewazidi karibu ndugu zao wote. Rekodi za kiwanda za magari ya Pontiac kuanzia 1961 hadi 1986 zimehifadhiwa, na kuna ofisi iitwayo PHS inayotoa nakala zake kwa malipo: unapeleka namba ya chasisi, unaletewa karatasi inayoonyesha gari lilitoka na nini na likapelekwa kwa muuzaji gani. Mwenye Chevelle SS ya 1970, gari la misuli la Chevrolet, angetoa jino apate kitu kama hicho, kwa maana namba ya chasisi ya Chevelle ya mwaka huo inamwambia ni Malibu, yaani Chevelle ya kawaida, ya V8 na basi. Kama ilikuwa SS au ilibandikwa nembo za SS na fundi wa mtaani mwaka juzi, namba haisemi.

Yetu inasema. Namba ina tarakimu na herufi 13, iko juu ya dashibodi upande wa dereva, unaisoma ukiwa nje kupitia kioo. Inaanza na 242, na hiyo ni GTO. Inafuata 37, gari la milango miwili lisilo na nguzo. Halafu 8 ya mwaka 1968, P ya kiwanda cha Pontiac, kisha namba ya mfuatano. Mtu akikuletea "GTO ya 1968" inayoanza na 237, amekuletea LeMans, Pontiac ya kawaida yenye bodi hiyo hiyo, iliyovaa kanzu ya kuazima.

Karatasi ya PHS imetuthibitishia mengine: gia otomatiki ya Turbo Hydra-Matic 400, kiweko cha katikati chenye mkono wa gia wa Hurst, taa za mbele za kujificha, rangi ya kijani. Kibati kwenye ukuta wa injini nacho kina QQ, yaani Verdoro juu na chini. Rangi tuliyopiga ni ile ile ya kiwandani, na hilo ni hela. Magari mengi yaliyotoka kijani au kahawia yamebadilishwa kuwa mekundu, na mnunuzi mwenye kisu kikali huanza kukata bei hapo hapo.

Machi 22

Sasa kwenye kidonda. Injini si ya gari hili, na hilo hushusha bei.

Kuanzia 1968 injini nazo ziligongwa sehemu ya namba ya chasisi, kwa hiyo hapa hakuna kubahatisha: namba iliyo kwenye bloku yetu, yaani mwili wenyewe wa injini, ni ya gari jingine. Herufi mbili zilizogongwa mbele ya bloku, upande wa abiria, nazo si YS kama inavyotakiwa kwa GTO otomatiki ya nguvu 350. Ni bloku ya 400 ya mwaka huo huo iliyotoka kwenye Pontiac kubwa la familia. Silinda hedi ndizo za kweli, zile zenye namba 16. Inaelekea mwenye gari wa zamani aliua bloku, akatafuta nyingine, akahamisha hedi zake juu yake. Kazi ya busara kabisa kwa wakati ule, gari lilipokuwa gari tu.

Jambo lenyewe ni jepesi kulificha. Injini za V8 za Pontiac, kuanzia 326 mpaka 455, kwa nje zinafanana kama vifaranga vya siku moja. Mtu anaweza kukuuzia 350 akakuapia ni 400, na bila kusoma herufi hutajua mpaka uifungue.

Shemeji aliniuliza jana tukiwa tunafunga gereji: "Shemeji, kwani lazima tuseme? Atakayeuliza tutamjibu."

Nikamwambia atakayeuliza ni yule anayejua pa kuangalia, na huyo ataona mwenyewe hata tusipofungua mdomo. Asiyejua ataambiwa na mwenziwe baada ya wiki mbili, na hapo tutakuwa matapeli. Akanyamaza, kisha akasema mama yake angesema njia ya mwongo ni fupi. Tukaishia hapo.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi. Wanasaga namba ya zamani na kugonga mpya inayolingana na gari. Kwa macho ya kawaida kazi hupendeza, lakini uso wa chuma uliosagwa na kugongwa upya haufanani na uliotoka kiwandani, na wakaguzi wa minada wamezoea kuupiga tochi kwa pembe. Huo si ukarabati, ni kughushi, na sioni haja ya kuuzunguka kwa maneno laini.

Uamuzi: injini inatajwa kwenye aya ya kwanza ya tangazo, pamoja na picha ya herufi zake.

Machi 30

Bei. Tumekaa na risiti. Kununua gari, dola 13,500. Bati, kuchomelea, puti na rangi, 12,000. Injini na giaboksi, 7,200. Viti, dari, mazulia na kiweko, 3,100. Breki, springi na tairi, 2,900. Vikorokoro ambavyo kila kimoja ni dola thelathini, 1,800. Jumla 40,500, na humo hakuna hata senti moja ya kazi ya mikono yetu. Ukiacha bei ya gari lenyewe, bati na rangi vimekula kuliko kitu kingine chochote, na ndivyo ilivyo kwa karibu kila gari la Michigan.

Soko halijali risiti zako. Kampuni ya bima ya Hagerty hutoa mwongozo wa bei unaotumiwa sana, nao hupanga magari kwa madaraja manne. La 1 ni gari la maonyesho ambalo huthubutu kuliendesha kwenye mvua. La 2 ni zuri sana, kasoro zake zinaonwa na mwenye jicho. La 3 linapendeza, linatembea, kasoro zipo. La 4 linatembea na kasoro unaziona ukiwa ng'ambo ya barabara. Shemeji alituweka daraja la 2. Mimi nimetuweka kati ya 2 na 3, kisha nikakata kwa ajili ya injini. Tumekubaliana kutangaza 46,000, maongezi yapo, na ndani ya nyumba tukajua kwamba chini ya 40,000 hatushuki.

Aprili 5

Wapi pa kuuzia. Mnada wa Mecum hufanyika Indianapolis kila Mei, na si mbali. Lakini unalipia kuingiza gari, unalipia usafiri na hoteli, gari likiuzwa wanakata kamisheni, na likipita jukwaani saa nne asubuhi wakati wenye pesa bado wanakunywa kahawa, shauri yako. Unaweza kuweka bei ya siri ya chini, ila bei hiyo isipofikiwa unarudi na gari lako na gharama juu. Barrett-Jackson wa Scottsdale, Arizona, una jina kubwa, lakini ni wa Januari na magari mengi huko huuzwa bila bei ya chini. Sina moyo huo.

Minada ya mtandaoni kama Bring a Trailer ni nafuu kwa muuzaji, mnunuzi ndiye anayebeba ada kubwa. Ugumu wake ni watazamaji: mamia ya wajuzi wanakuchambulia gari hadharani, skrubu kwa skrubu. Kwa gari lenye injini yake halisi ningekimbilia huko. Kwa letu, najua mjadala wote ungekuwa bloku.

Kumwachia dalali mwenye ukumbi nimekataa. Tunauza wenyewe.

Aprili 12

Picha. Tulisubiri mvua za kutosha zioshe chumvi barabarani, maana sitoi gari hili nje kukiwa na unga mweupe kwenye lami.

Picha za nje ni za kuvutia macho, za chini ndizo zinazouza. Anayejua magari haya hana haja na boneti linalong'aa. Anataka kuona pembe za chini za bodi nyuma ya magurudumu, sakafu ya buti, chasisi inapopanda juu ya ekseli ya nyuma, na mfereji unaozunguka kioo cha nyuma, ambako maji hukaa na kushuka taratibu hadi kwenye buti. Sehemu zote hizo tumezipiga mara mbili: picha za zamani zikiwa na matundu, na za sasa. Pembe ya kushoto ya nyuma ni bati jipya zima, nayo imeandikwa hivyo.

Video ni moja tu, gari likiwashwa asubuhi baada ya kulala baridi. Haikukatwa popote. Kabureta ya Quadrajet inataka ukanyage mafuta kwanza ili choki ijifunge, na mtu akiona injini inashika bila kusuasua anajua kabureta ilifanyiwa kazi na mtu anayeijua.

Aprili 20

Tangazo limetoka. Kwa Kiswahili lingesomeka hivi:

GTO ya kweli ya 1968, namba inaanza 242, karatasi za PHS zipo. Injini ni 400 ya 1968 lakini SI ya gari hili, tazama picha ya 4. Hedi ni namba 16. Tumeweka pistoni za kupunguza uwiano wa mgandamizo kutoka 10.75 ya kiwandani hadi kama 9.5, ili linywe petroli ya premium ya kituo chochote. Breki za mbele zilikuwa za ngoma, sasa ni za diski, ngoma za zamani zipo kwenye boksi na zinaondoka na gari. Pembe ya nyuma kushoto ni bati jipya. Rangi ya asili. Hita inafanya kazi, saa ya dashibodi haifanyi. Kadi ya gari iko mkononi, halidaiwi.

Shemeji alitaka tuongeze sifa. Nikamwachia aongeze moja, akaandika kuhusu mlio wa ekzosi.

Aprili 24

Siku nne, simu na ujumbe bila kupumua, nusu yake utapeli. Mmoja "yuko jeshini ng'ambo", hana haja ya kuona gari, atatuma hundi yenye ziada ili tumlipe msafirishaji. Hundi ya namna hiyo benki huipokea, pesa zikaonekana kwenye akaunti, na baada ya siku kadhaa hundi ikagundulika ni ya bandia na benki ikazichukua zote, pamoja na zile ulizokwisha mtumia "msafirishaji".

Wengine ni wajanja kidogo. Wanadai kwanza ununue ripoti ya historia ya gari kwenye tovuti wanayokupa wao, uingize kadi yako ya benki. Hawa walijifichua wenyewe. Ripoti hizo hutafutwa kwa namba ya chasisi ya tarakimu 17, mfumo ulioanza na magari ya 1981. Letu lina 13. Hakuna ripoti ya kununua, na mnunuzi wa kweli wa gari la 1968 analijua hilo.

Mei 3

Kaja mzee kutoka Flint, peke yake, na sumaku iliyofungwa kitambaa ili isikwaruze rangi. Aliipitisha pole pole chini ya milango na kuzunguka matao ya magurudumu. Sumaku isiposhika, chini ya rangi kuna puti nene badala ya chuma. Ilishika kila mahali, ila pale juu ya taa ya nyuma kulia ililegea kidogo, nami nikamwonyesha picha ya pale kabla ya rangi. Alipiga magoti bila kuomba mkeka.

Alikuwa na GTO kama hii ujanani, akaiuza bima ilipopanda. Hilo ni kweli kwa wengi: kufikia 1970 kampuni za bima zilikuwa zinawatoza vijana wenye magari haya fedha za kukomoa, kisha zikaja sheria za moshi na mafuta yakapanda bei, na GTO ikakata roho mwaka 1974. Pontiac wenyewe walifuata: General Motors walitangaza 2009 kuifunga, na magari ya mwisho yakatoka mwaka uliofuata.

Hakununua. Alisema anataka yenye namba zinazolingana, na kwamba bei yetu ni ya haki kwa isiyolingana. Nimelichukua hilo kama ukaguzi wa bure.

Mei 17

Taa ya kushoto imeanza uvivu. Taa za mbele za gari hili hujificha nyuma ya vifuniko vinavyofunguliwa na mvuto wa hewa kutoka kwenye injini, kupitia mipira myembamba na tangi dogo. Mpira mmoja ukivuja, kifuniko kimoja kinafunguka na kingine kinafikiria. Tumebadilisha mpira uliopasuka karibu na rejeta. Sasa vyote vinafunguka pamoja.

Mei 31

Vijana wawili kutoka Toledo, mume na mke. Walilipenda gari kupita kiasi, na kwa muuzaji hilo ni jambo zuri, ila swali lao la kwanza barabarani lilikuwa kama linafaa kwa safari ya kazini kila siku. Niliwaambia ukweli: petroli inakwenda, hakuna mifuko ya hewa, na Desemba halitoki. Kisha mke akaendesha. Mkono ule wa gia wa Hurst una njia mbili, upande mmoja unaweka D na kusahau, upande wa pili unapandisha gia mwenyewe moja baada ya nyingine. Siku zile walitangaza kwamba upande mmoja ni wa bwana na mwingine wa bibi. Dada huyu hakugusa wa bibi.

Walitoa 35,000. Tukashukuru, tukaagana vizuri.

Huko kwetu Tanga mnunuzi wa gari lililotumika huuliza kwanza: injini haijafunguliwa? Akisikia imefunguliwa, uso unabadilika. Hapa ni kinyume. Injini ya 1968 ambayo haijafunguliwa inaogopwa. Iliyofunguliwa, ikiwa na risiti za mashine na vipimo vya silinda vimeandikwa, ndiyo inayotafutwa. Nimechukua muda kulizoea hilo.

Juni 7

Mtu wa Tennessee amesoma tangazo lote, maana maswali yake yote yalianzia pale tangazo lilipoishia. Aliomba namba za mafundi wa bloku tuliowatumia, kisha akatuma mkaguzi wa kujitegemea kwa gharama yake.

Mkaguzi alikuja na kipimo cha unene wa rangi. Kipimo kinasoma kwa mil, sehemu moja ya elfu ya inchi. Rangi ya kiwandani huwa nyembamba, chache tu. Yetu ilisoma 8 hadi 10 sehemu nyingi, na juu ya taa ya nyuma kulia ikapanda hadi 22, palepale sumaku ya mzee wa Flint ilipolegea. Akaandika bila kusema kitu. Akapima mgandamizo wa silinda zote nane: wa chini pauni 162 kwa inchi ya mraba, wa juu 171. Tofauti ndogo hivyo kwa injini ya umri huu ni ya kujivunia, na kwa mara ya kwanza nilimwona anainua nyusi. Alipiga picha herufi za bloku, akalinganisha na tangazo, akafunga daftari.

Alikaa nusu siku. Shemeji alimletea chai ya tangawizi, akanywa yote.

Juni 11

Tennessee kapiga simu. Ameisoma ripoti. Akaanza 38,000, sababu yake bloku.

Nikamjibu kwamba bloku imeshakatwa kwenye 46,000, haiwezi kukatwa mara ya pili. Akacheka, akahamia kwenye ile mil 22. Hapo alikuwa na haki. Nikashuka 44,000. Akasema 40,000 na usafiri juu yake. Nikamwomba muda nizungumze na mshirika, ingawa mshirika alikuwa amekaa pembeni yangu akinionyesha vidole vinne na kimoja nusu.

Tumekubaliana 41,500, na msafirishaji analipwa na yeye. Kabla ya kukata simu aliniambia ameacha GTO mbili nyingine kwa sababu wauzaji walikuwa wagumu kutuma picha ya namba ya injini. Moja ilikuwa ya bei nafuu kuliko yetu.

Juni 20

Malipo. Hakuna hundi, hata ile ya benki, kwa sababu nilizokwisha andika. Alituma pesa benki hadi benki, nasi tukaenda kaunta kuhakikisha zimeingia na haziwezi kurudishwa. Namba ya akaunti alisomewa kwa simu, na akapiga tena mwenyewe kwa namba aliyokuwa nayo tangu mwanzo. Wezi wa mtandaoni hupenda kuingilia barua pepe dakika ya mwisho na kubadilisha akaunti.

Kadi ya gari ina majina yetu mawili, kwa hiyo saini mbili. Kuhusu usomaji wa maili, magari ya 2010 na ya kabla yake yamesamehewa na sheria ya shirikisho kutamka maili, na tumeandika hivyo. Mita ya gari hili ina tarakimu tano tu, ikifika 99,999 inaanza upya, na hakuna anayeweza kuapa imezunguka mara ngapi. Tumebaki na nakala ya kila karatasi yenye saini, tarehe na bei. Namba za usajili tumezing'oa, kwani Michigan kibao hubaki kwa muuzaji. Hata mwenye haraka asiache kibao chake kwenye gari la mtu mwingine.

Juni 24

Lori la kufunikwa limekuja asubuhi. Dereva alizunguka gari na karatasi yake akiandika kila mkwaruzo kabla ya kupakia, tukasaini wote wawili. Boksi la ngoma za breki limefungwa ndani ya buti, pamoja na kabrasha la PHS, risiti na picha za matundu.

Juni 29

Gari limefika Tennessee salama. Mnunuzi alipiga kuuliza kwa nini haliwaki asubuhi. Nikamuuliza alikanyaga mafuta kabla ya kugeuza ufunguo? Hakukanyaga. Akanyage mara moja hadi chini, aachie, ndipo awashe. Nikasikia liliposhika, simu ikiwa bado hewani.

Hesabu: 41,500 toa 40,500. Tangazo, petroli ya kuwatembeza wateja na mpira wa taa vimekula kama dola 240. Kilichobaki tumegawana, kila mmoja 380. Shemeji ameziweka mfukoni bila kuzihesabu, akauliza kodi ya gereji inaisha lini. Inaisha Agosti. Kuna mtu ana LeMans Sport ya 1970 nyuma ya ghala, hana haraka nayo, na namba yake inaanza na 237, kwa hiyo hakuna atakayetuuliza habari za GTO. Tutakwenda kuitazama Jumamosi na tochi.